Mradi wa meinfremu nyumbani: apt inagoma kupita kwenye proksi

Debian (aina ya Linux) ya s390x, yaani toleo la meinfremu, zile kompyuta kubwa za IBM, imeshatulia ndani ya Hercules, ile emuleta (programu inayoiga mashine hizo) iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999. (Mashine halisi sina ubavu nayo, na hata ningeipata, bili ya umeme ingenihamisha nyumba.) Kazi ya sasa: kuipitisha kwenye Squid, proksi inayohifadhi nakala za vinavyoshushwa, iliyo kwenye kompyuta mwenyeji, ili vifurushi vya apt (kisakinishi cha programu cha Debian) visishushwe upya kila nikifuta diski na kusakinisha tena. Bando halichotwi kisimani.

apt ikaganda. Ping kwenda 10.1.1.1 (anwani ya mwenyeji) inajibu vizuri, ila poti 3128, ile ya Squid, kimya kabisa. Rahisi kuishuku CTC, ile njia ya mtandao inayoiunganisha emuleta na mwenyeji, lakini tcpdump (kichunguzi cha pakiti) kwenye tun0, upande wa mwenyeji wa njia hiyo, ilionyesha pakiti za SYN (maombi ya kuanzisha muunganisho) zikifika salama, tena na tena, bila hata moja kujibiwa. Njia nzima, mlango umefungwa. Ni ufw, ngome (firewall) ya mwenyeji: kwa mipangilio yake ya kawaida huiacha ping ipite, na miunganisho mingine inayoingia huitupa bila neno. Ndiyo maana siiamini ping kwenye mambo ya proksi. Kama tatizo lingekuwa Squid kuzimwa, ningepata "Connection refused" papo hapo badala ya kungoja mpaka muda uishe. Nikafungua poti:

sudo ufw allow in on tun0 to any port 3128 proto tcp

Likaja kosa la 403 (umekataliwa). Hilo lilinifurahisha, maana sasa ni Squid yenyewe inayoongea, na access.log, kumbukumbu yake ya maombi, ikathibitisha: TCP_DENIED/403. Squid ya Debian ikiwa mpya huhudumia localhost pekee, yaani kompyuta iliyomo yenyewe. Mstari wa http_access allow localnet, unaoruhusu mtandao wa ndani, upo kwenye /etc/squid/conf.d/debian.conf, umezimwa kwa alama ya #. Nikaiondoa alama, nikapakia upya, curl (kishushaji cha kwenye terminali) ikapita.

apt bado! Hapa mhusika ni sudo, ambayo hupukuta http_proxy (kigezo kinachoziambia programu proksi iko wapi) kabla ya kuendesha amri, kwa hiyo apt ilikuwa inatafuta intaneti moja kwa moja, njia ambayo sikuifungua makusudi. Dawa ni faili ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/ yenye mstari huu, nukta-mkato ikiwemo:

Acquire::http::Proxy "http://10.1.1.1:3128/";

Vifurushi vinashuka, ila kifurushi cha kerneli kila mara ni TCP_MISS, yaani hakimo kwenye hifadhi ya Squid. Bila cache_dir (mstari unaotaja folda ya hifadhi kwenye diski), Squid huhifadhi kwenye RAM tu, tena vitu visivyozidi KB 512. Hata ukiweka cache_dir, kikomo cha kawaida ni MB 4, kwa hiyo nimeandika maximum_object_size 512 MB, juu ya mstari wa cache_dir. Hazina ya Debian nimeiacha kwenye http: kwa https Squid huona handaki la CONNECT tu (data iliyofumbwa), haina cha kuhifadhi, na uhalali wa vifurushi apt huukagua kwa saini za GPG.