AC yangu haikuwa na shida ya gesi hata kidogo

Wa kusema "zima AC uokoe mafuta" wengi wao hawajawahi kukaa foleni ya Kimara saa nane mchana mwezi wa pili. AC inakula mafuta, hilo sibishi: kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, inazungushwa na mkanda wa injini hiyohiyo. Nikipanda mlima Kitonga huwa naizima, gari linapumua.

Ila Corolla 110 yangu ilikuwa imezidi. Foleni ikisimama, injini inazama kama inataka kuzimika, usukani unatetemeka, na AC inatoa vuguvugu. Barabara ikifunguka, baridi inarudi. Mafuta ya kufika Ijumaa yakawa yanaishia Jumatano.

Fundi wa kwanza: gesi imepungua, akaongeza. Wa pili, bila hata kufunga geji ya kupima presha ya gesi, naye akaongeza! Gesi ikizidi presha inapanda, kompresa inakuwa nzito, mzigo wote unaangukia injini. Mtetemo ulipozidi akaniambia injini imechoka, tuifungue. Injini ifunguliwe kwa ajili ya AC!

Nikawaza mwenyewe. Gesi haijui kama gari linatembea au limesimama. Kinachobadilika ni upepo unaopita kwenye kondensa, ile iliyokaa mbele ya rejeta na kutoa nje joto la gesi ya AC. Nikapaki nyumbani, nikafungua boneti, injini inaunguruma, AC mpaka mwisho. Mama Neema akakaa ndani, kiganja kwenye tundu la upepo. Nikachukua dumu la lita tano nikawa naimwagia kondensa taratibu kwa mbele, maji yasiruke kwenye injini. Jirani akauliza kama siku hizi naogesha gari kama ng'ombe. Dumu halijafika nusu nikasikia, "Baba Neema, baridi hiyo!" Na injini ikatulia tuli. Maji yaliyobaki nilimwaga kwa raha zangu tu.

Kumbe feni ya kondensa, ya kuipa upepo gari likisimama, imekufa; bila upepo presha inapanda vilevile. Ukizima gari ukaizungusha kwa kidole, inakwama. Nikapata ya mtumba Gerezani, elfu arobaini hamsini hivi baada ya kubishana sana. Gesi akaipima upya fundi mwenye mizani. Gramu zinazotakiwa zimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, lakini nani anasoma? Kondensa nikaiosha kwa maji ya mpira wa kawaida. Mashine ya presha inalaza zile pezi nyembamba.

Gari likishinda juani, fungua vioo vyote kwanza joto litoke, ndipo uwashe AC na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kwenye gari kama langu, kupeleka swichi ya joto upande mwekundu hakuipumzishi kompresa. Unachanganya tu baridi na joto la hita. Na ukiwa unakwenda Morogoro kwa kasi, vioo wazi vinakamata upepo na kuipa injini mzigo, kwa hiyo akiba unayoitafuta sijui utaipatia wapi.

Yule wa kufungua injini alinipigia juzi, anauliza kama nimeshapata hela. Nikamwambia aje, ila aje na geji.