Kigoma–Dar kwa ndege: kilomita 1,077, na muda ambao ramani haiuonyeshi

Kutoka uwanja wa Kigoma hadi wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, mstari ulionyooka ni kilomita 1,077 hivi. Hata bila intaneti unaipata kwenye karatasi. Kigoma iko digrii 4.9 kusini na 29.7 mashariki, Dar 6.9 na 39.2. Tofauti ni digrii 2 na digrii 9.5. Huku kwetu karibu na ikweta digrii moja ni kilomita 111, kwa hiyo una pande mbili za pembetatu: 222 na 1,055. Pythagoras anamaliza kazi: 1,078.

Ndege ya mapangaboi aina ya Dash 8-400, ikishakaa sawa angani, hukata kilomita 600 kwa saa au zaidi kidogo. Gawanya, unapata saa 1 na dakika 48. Ongeza dakika 25 hadi 30 za kutembea kwenye lami, kupanda na kushuka, ndiyo inafika saa mbili na robo.

Sasa angalia tiketi kama ndege inapitia mahali. Kupitia Tabora ni kilomita 732 jumlisha 351, yaani 1,083. Umbali umeongezeka kilomita 6 tu, maana Tabora imelala karibu kabisa juu ya mstari! Kinachokula muda ni kutua, kushusha watu na mizigo, kupakia, kuruka tena: dakika 40 hadi saa nzima. Kupitia Mwanza ni 852 na 453, jumla 1,305. Hapo unalipa vyote viwili, umbali na kusimama.

Kosa linalowaachisha watu ndege ni saa. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. 07:15 ni saa moja na robo asubuhi. 13:40 ni saa saba na dakika arobaini mchana. Kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa sita, basi. Hatari zaidi ni 00:30 ya tarehe 15: hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo uwanjani unafika jioni ya tarehe 14. Anayekwenda jioni ya 15 anakuta ndege iliondoka jana yake usiku.

Kwa wanaounganisha kwenda Guangzhou kufuata mzigo: Dar hadi kule ni kilomita 8,700 hivi, karibu saa 10 na nusu kwa ndege ya moja kwa moja. China iko mbele yetu saa 5. Ukiruka saa nne asubuhi, unatua saa mbili na nusu usiku ya Dar, lakini ya kule ni saa saba na nusu usiku, tarehe imeshageuka. Hoteli iwekwe kuanzia usiku ule uliotangulia, la sivyo utakesha kwenye kiti cha mapokezi.

Tiketi zikiwa mbili tofauti, begi unalichukua Dar mwenyewe, unatoka jengo la pili la ndani na kuhamia la tatu la kimataifa. Mimi nisingeacha chini ya saa 5 katikati. Ndege moja ya ndani huzunguka miji kadhaa kwa siku, na ikichelewa asubuhi kwingine, Kigoma ndiyo inayobeba deni lote mchana.