Biringanya Peke Yake

Agosti 2009 nilikuwa nimepanga chumba ghorofa ya nne katika mji mkongwe wa Nice, kusini mwa Ufaransa. Mwenye nyumba, bibi wa miaka 84 niliyemwita Madame, aliishi mlango wa pili. Baridi yabisi ilikuwa imempinda vidole, kisu hakikumkaa tena mkononi. Jumapili moja asubuhi aligonga akanikabidhi kikapu.

"Nenda sokoni Cours Saleya kabla hawajafunga. Kesho Jumatatu watapanga vitu vya kale tu, mboga hakuna."

Nikarudi na biringanya tatu, zukini nne, pilipili hoho mbili nyekundu, kilo na nusu ya nyanya, vitunguu, na fungu la rihani. Hiyo rihani ilinishangaza. Kwetu Tanga naijua ya kikuba, inafungwa pamoja na asumini. Kuitia chunguni sikuwahi kuona.

"Leo utanipikia ratatouille," alisema, yaani mchuzi wa mboga wa kwao Nice, akakaa jikoni na bakora yake magotini.

Kupika mboga nilikujua. Nikakatakata, nikabandika sufuria, nikataka kumimina zote pamoja kama afanyavyo mama kwenye mchuzi wake wa biringanya. Bakora ikagonga sakafu.

"Hapana, mwanangu! Kila moja peke yake."

Biringanya nikazinyunyizia chumvi, zikatoka maji, nikazikausha kwa kitambaa, kisha nikazikaanga kwa mafuta ya zeituni. Nikazitoa, zikafuata zukini, kwa moto mkali na muda mfupi. Hoho zikaachwa zilegee taratibu. Madame alinieleza sababu huku nageuza: zukini imejaa maji, biringanya inakunywa mafuta yote unayoipa. Ukizitia pamoja, zote zinachemka, hakuna inayokaangika, na kila kitu kinakuwa na ladha moja.

Kila zamu aliniambia nimwekee kipande kwenye kisahani. Anakibonyeza kwa kidole gumba kile kilichopinda, anafumba macho. "Bado." Narudi kwenye moto. Anabonyeza tena. "Haya, toa." Hakuonja hata mara moja. Kidole kilimtosha.

Nyanya nilizichovya kwenye maji ya moto nikazimenya, zikapikwa na vitunguu, kitunguu saumu na majani ya taimu hadi zikawa nzito. Ndipo mboga zote zikakutana, moto mdogo, nusu saa. Sikuruhusiwa kukoroga, ila kugeuza kwa upole kutoka chini. Baadaye nilijua kwamba ndani ya jina la chakula hicho mmejificha neno la Kifaransa la kukoroga, na hadi leo nikipika namsikia Madame akinikataza.

Ilikuwa karibu saa tatu za kusimama kwenye joto lile. Nikanyunyiza rihani, nikachukua sahani mbili. Madame akazirudisha kabatini.

"Kesho."

Nililala njaa na ile harufu, kwa kuwa alikuwa ameniachia sufuria kwangu.

Jumatatu alfajiri alikuja na vijiko viwili na mkate wa jana. Tulikula ikiwa baridi, tumesimama, sufuria katikati yetu. Biringanya ilikuwa biringanya, hoho ilikuwa hoho, na mchuzi umezifunga zote. Madame alitafuna muda mrefu bila neno.

"Mume wangu aliipenda na yai juu," akasema. "Unayo mayai?"

Nikawasha jiko.