Usiku niliohesabu pumzi za mtoto wa kaka yangu

Hakuna ushauri unaoniudhi kama huu: "Mwache alale, pombe itaisha yenyewe." Watu wazima watatu waliniambia hivyo usiku mmoja, hapa kwetu Kadutu, mjini Bukavu, huku mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 15, amelala sebuleni kama gunia. Namshukuru Mungu sikuwasikiliza.

Yeye na wenzake walikuwa wametoka harusini. Walianza na kasiksi, pombe ya ndizi, kisha wakashindana kunywa kanyanga, pombe kali ya kienyeji, kwa kikombe cha chai. Waliokuwa wakiwamiminia ni wazee, tena wanacheka.

Mama jirani akaja na maziwa, dawa yetu ya kila sumu. Kijiko kimoja tu, kikatoka puani, mtoto akakohoa bila kufumbua macho. Koo lilikuwa limesahau kumeza. Mwingine akammwagia ndoo ya maji ili aamke. Hilo ndilo lilinitisha zaidi. Usiku wa Bukavu ni baridi, na pombe hutanua mishipa ya ngozini, joto la mwili likatoka lote. Baada ya muda mfupi kucha zake zilikuwa za bluu.

Umeme haukuwepo. Nikamvua nguo mbichi, nikamfunika, nikamlaza ubavu, mdomo ukielekea chini, na mgongoni nikamwegemeza mkoba wake wa shule uliojaa madaftari ili asigeuke chali. Akatapika mara mbili. Yote yakaenda mkekani, hakuna kilichorudi kooni. Mkoba ule ulimwokoa, na nitalisema hilo popote.

Kisha nikaweka kiganja chini ya mbavu zake, nikaangalia saa ya simu. Pumzi 7 kwa dakika. Kati ya moja na nyingine nilifika sekunde 12. Zikishuka chini ya 8, au zikipishana kwa sekunde 10, usingoje mtu akushauri.

Vijana wanne wakambeba ndani ya blanketi kushuka ngazi za udongo hadi barabarani, mimi nikishika kichwa kibaki upande. Gari na matibabu vilikula dola 40 hivi, za kukopa.

Muuguzi alianza kumpima sukari: imeshuka vibaya. Akamtundikia serumu ya glukozi na kumpa oksijeni. Akanieleza kwamba ini likishughulika na pombe huacha kutoa sukari, na watoto akiba yao ni ndogo. Tena kanyanga iliyobaki tumboni huendelea kuingia damuni hata mnywaji akiwa amelala fofofo.

Alfajiri nikasikia, "Shangazi, nina kiu." Nililia sana.

Jumapili nikaenda kwa mzee aliyekuwa akimimina. Akasema, "Lakini mama, si waliomba wenyewe?" Nikamwambia azuie pumzi wakati mimi nahesabu sekunde, polepole, hadi 12. Nilipofika 9 akaniomba niache.