Siku Moja Maishani Mwangu: Picha Tano za Chumba Kimoja

Saa 12 na nusu asubuhi. Chai ya rangi, betri mbili zimejaa, memori kadi tupu. Kazi yangu ni kupiga picha nyumba za wageni Mji Mkongwe, Unguja. Mwenye nyumba ya leo ana sharti moja: bahari ionekane dirishani, na boriti za darini zionekane pia. Jicho linaona vyote viwili bila taabu. Kamera haiwezi. Ukiipimia mwanga wa bahari, chumba kinakuwa pango. Ukiipimia chumba, dirisha linabaki karatasi nyeupe. Kwa hiyo napiga picha tano za mwanga tofauti, kisha naziunganisha kuwa moja.

Saa 1 na nusu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, panda, ila angalia hiyo ngazi ya tatu." Upande huu bahari iko magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko nyuma ya nyumba na maji yana rangi yake. Nazima feni, nafunga pazia kwa kamba, maana kinachotikisika huacha mizuka picha zikishaunganishwa.

Chumba ni chembamba kama vyumba vingi vya hapa. Boriti za mikoko hazivuki mita 3 hivi. Stendi naibana ukutani, nguzo ya kitanda cha samadari iko karibu kabisa na lenzi.

Saa 2. ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), f/8 (tundu la lenzi), fokasi ya mkono. Nabadilisha shata tu, yaani muda wa kuingiza mwanga: 1/250 ya sekunde, 1/60, 1/15, 1/4, sekunde 1. Kila picha inapata mwanga takriban mara 4 ya iliyotangulia. Baada ya ya tatu, mjukuu wa mwenye nyumba anaingia mbio kuja kuona kamera, goti linagonga mguu wa stendi. Hapo ilinipasa kuanza upya. Sikuanza. Nimeirudisha kwa kukisia, nikamalizia mbili zilizobaki, kwani vyumba vingine vitatu vinanisubiri.

Saa 9 alasiri, nyumbani, nalipia uvivu wangu. Natumia Hugin, programu ya bure. Inatafuta alama zinazofanana kwenye picha zote, kama kona ya fremu au fundo la ubao, kisha inazisogeza na kuzizungusha mpaka zilaliane. Kamera ikiwa imepinda tu pale pale ilipo, hilo inalimudu. Stendi ikihama hata sentimita 2 ni balaa jingine: vitu vya karibu vinaruka zaidi ya vya mbali. Nikiilaza nguzo sawasawa, boriti zinakuwa mbili mbili. Nikizilaza boriti, nguzo inaota pacha.

Saa 10 na nusu, baada ya vikombe viwili vya kahawa, naona njia. Picha tatu za mwanzo zilipigwa kabla ya goti, zinalingana zenyewe. Ya 1/15 naifanya msingi, dirisha nalichukua kwenye 1/250. Iliyobaki ni dari tu. Narudi Hugin, nafuta alama zote isipokuwa za kwenye boriti, nailinganisha ile ya 1/4 kwa dari peke yake. Ya sekunde 1 naitupa.

Kuunganisha nafanyia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa mkono. Enfuse, programu inayounganisha yenyewe, ingenimalizia kwa dakika moja, lakini chumbani humu bahari yake hutoka kama kanga iliyofuliwa sana. Maski nyeusi inaificha ile ya 1/4, brashi nyeupe laini inaifunua ninapopaka; napaka boriti moja moja, na mpaka naupitisha pale dari inapokutana na ukuta, penye kivuli. Dirisha naliacha ang'avu kidogo kuliko chumba. Likilingana nacho, linakuwa kama kalenda iliyobandikwa ukutani.

Saa 2 usiku natuma. Sauti ya mwenye nyumba inarudi haraka: "Nzuri mwanangu, boriti nimeziona zote. Lakini hiyo feni mbona imesimama? Wageni watasema mbovu."