Kutoka Banioni hadi Msembe: Ruaha Mkuu katika Mwezi wa Kumi

Chimala, mwishoni mwa Oktoba. Ukishuka kwenye Costa inayotoka Mbeya na kugeukia kusini, unaukuta ukuta wa milima na barabara ya kona 57 inayopanda Matamba kuelekea Kitulo. Bonde zima la Usangu linanyweshwa na mvua ya huko juu. Uwandani mvua ni haba, na wakati huu majaruba yamepasuka nyufa za kuingia kiganja, ng'ombe wanaokota mabua ya mpunga uliovunwa zamani. Mito mitatu minne hapa bado inatiririka maji baridi kutoka mlimani. Ndiyo maana mgeni haelewi upesi anapoambiwa kwamba Ruaha Mkuu, mto unaopokea maji haya, ukifika Hifadhi ya Ruaha ni mchanga mtupu. Ilitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na tangu hapo kiangazi kupita bila mto kukatika ndiyo habari ya kushangaza.

Nilikuwa na nia ya kuyafuata maji hayo kutoka yanapochepushwa hadi yanapokwisha, na kusikiliza kila mahali wanamlaumu nani.

Banio, yaani kizuizi kinachochepusha maji ya mto kuyaingiza mferejini, la kwanza nililofikishwa na bodaboda ni la zege. Ukuta umekatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo, na pembeni kuna geti la chuma linalopandishwa kwa skrubu yenye usukani. Mita chache juu yake bado yanaonekana mabaki ya banio la zamani: magogo, mawe, matete na viroba vya mchanga. La zamani lilikuwa na kero zake. Kila masika mafuriko yalilibeba, na wanakijiji walipaswa kulijenga upya kwa msaragambo. Lakini lilivuja. Maji yaliyopenya kati ya mawe ndiyo yaliyowafikia wa chini wakati wa kiangazi. Wafadhili walipokuja na zege, wengi wao miaka ya 1980 na 1990, walilipima banio kwa uwezo wake wa kuchukua maji, wakasema limeboreshwa. Ni kweli kwa mwezi wa pili, mto ukiwa umejaa. Mwezi wa kumi, zege lisilovuja huutoa mto wote na kuuingiza mferejini, na chini ya ukuta yanabaki madimbwi ya vyura. Mzee mmoja mlinda geti, baada ya shikamoo na marahaba, alilieleza kwa namna ambayo sikuisahau: banio la babu yake lilikuwa likiiba na kurudisha, hili linaiba tu.

Mfereji unapimika bila mashine, na jumuiya za watumia maji zinafundishwa hivi. Chagua sehemu iliyonyooka isiyo na majani, pima mita 10 kwa kamba, chomeka vigingi viwili. Dondosha kijiti kikavu juu kidogo ya kigingi cha kwanza, hesabu sekunde mpaka kifike cha pili, rudia mara tatu uchukue wastani. Pima upana na kina mahali patatu. Siku hiyo mfereji ulikuwa na upana wa mita 1, kina sentimita 25, na kijiti kilitumia sekunde 25. Mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa eneo la 0.25, unapata mita za ujazo 0.1 kwa sekunde. Ila maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na udongo, kwa hiyo unazidisha tena kwa 0.8. Zinabaki lita 80 kwa sekunde. Kosa la kawaida ni kusahau hatua hiyo ya mwisho, na hapo wa chini wanasema wa juu wanadanganya hesabu.

Lita 80 kwa sekunde ni karibu mita za ujazo 6,900 kwa siku. Zinakwenda wapi, na mpunga hakuna? Uliza swali hili kijiji chochote cha juu na jibu ni moja: maji ya nyumbani. Mfereji ndio bomba lao. Wanachota humo, wanafua, wanafyatua tofali, wananywesha ndama, wanamwagilia nyanya. Hawasemi uongo. Lakini piga hesabu. Sera ya maji inataka lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini. Kijiji cha watu 4,000 kinahitaji lita 100,000, yaani lita moja na kitu kwa sekunde. Hizo zaidi ya 78 zinazobaki zinanywewa na udongo wa mfereji wa kilomita kadhaa, zinamwagika kwenye majaruba yasiyo na kitu, au zinapaa na jua. Ugomvi wa kiangazi Usangu ni huu: mfereji mkubwa unaachwa wazi ili ndoo chache zifike mwisho wake. Visima virefu vyenye pampu vingewezesha geti kufungwa Juni hadi Novemba. Geti lenyewe lipo, skrubu imepakwa grisi. Ila nani atamwambia mama wa mwisho wa mfereji afunge wakati kisima chake hakijachimbwa?

Karatasi nazo zinachangia. Kibali cha kutumia maji, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kinaandikwa kwa lita kwa sekunde. Mwenye kibali husoma namba yake kama haki ya mwaka mzima, wakati mto wa Februari na mto wa Oktoba si mto mmoja. Ukijumlisha vibali vya mto mmoja, jumla inaweza kuuzidi mto wenyewe wakati wa kiangazi. Kwa hiyo kinachofanya kazi ni zamu. Kila tawi la mfereji linapewa siku, mgawa maji anashika daftari, na usiku analala kwenye tuta.

Zamu huvurugika Novemba na Desemba, wakati wa vitalu na kuchavanga, yaani kuvuruga tope la jaruba. Anayepata maji mapema anapandikiza miche ya siku 21 hadi 30, anavuna kabla ya wengine, na anauza bei ikiwa bado juu. Wa mkiani mwa mfereji akipata maji Februari, mpunga wake unachanua baridi ikianza na mapepe, punje tupu, yanaongezeka. Kwa hiyo wizi wa maji Usangu ni wizi wa majuma. Mtu hapotezi usingizi kwa ajili ya lita. Anatega viroba viwili vya mchanga saa nane usiku ili kitalu chake kitangulie.

Hapo ndipo mbwa wanapoingia. Karibu kila mgawa maji ana mbwa, na si wa mapambo: ni yule mwekundu mwembamba mwenye mkia uliopinda, anayelala kwenye tuta na kubweka akisikia jembe gizani. Kuna kesi ndogo nyingi zinazoanzia kwake. Panya wanachimba matuta, maji yanapenya kwenda jaruba la jirani, jirani anaitwa mwizi. Mbwa anamfukua panya, anapanua tundu, asubuhi tuta limeondoka, na sasa mwenye mbwa ndiye mwizi. Dawa wanayoiamini wengi ni paka, na kila ghala la mpunga nililochungulia lilikuwa naye. Kosa ni kuchanganya paka na sumu ya panya. Paka anakula panya aliyekunywa sumu, anakufa, na panya waliobaki wanazaliana ghala likiwa halina mlinzi. Mama mmoja wa Igurusi alikuwa amepoteza paka wawili msimu mmoja kwa njia hiyo, akaacha sumu, akaanza kuziba matundu kwa simenti na vipande vya chupa.

Kichaa cha mbwa wanakiongelea kwa sauti ya chini kuliko siasa. Chanjo ya mbwa inahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kasha la barafu likikaa kutwa kwenye bodaboda juani, nguvu yake inaweza kupungua. Mbwa huanza miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Ili ugonjwa ukatike kijijini, mbwa 70 kati ya 100 wawe wamechanjwa. Shida ni kwamba wanaoletwa ni wanaokubali kufungwa kamba, tena na watoto, na yule wa kwenye tuta haletwi. Aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha zahanati. Maji ya mfereji yanatosha kwa kuanzia.

Kutoka Igawa nilikunja kwenda Rujewa, kisha Ubaruku. Hapa siasa haina haja ya kuchokozwa. Wasangu wako na Wabena, Wahehe, Wasukuma, Wamaasai, na Wabaluchi waliofika enzi za ukoloni na kuwa miongoni mwa wa kwanza kulima mpunga wa kumwagilia bondeni. Kuna mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga, yaliyokuwa ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, kabla ya kubinafsishwa. Kila kundi lina mwaka wake. Wafugaji wanataja 2006, walipoondolewa Ihefu, kinamasi cha bonde hili, na ng'ombe kusafirishwa kwenda Lindi na Pwani. Wakulima wanataja GN 28 ya 2008, tangazo la Serikali lililoiingiza sehemu ya bonde la Usangu ndani ya Hifadhi ya Ruaha na kuifikisha kilomita za mraba 20,226, huku vijiji vyao vikijikuta upande wa pili wa mstari. Wote wanautaja mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, dola milioni 150 za Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2017, ukasimamishiwa malipo Aprili 2024 baada ya malalamiko ya wananchi, ukafutwa Novemba mwaka huohuo. Kati ya hapo, 2023, likatoka tangazo jingine la mpaka, na Septemba ya mwaka huo Mbarali ikafanya uchaguzi mdogo wa ubunge. Unadhani wagombea waliulizwa nini?

Nilichokiona ni kwamba mkulima na mfugaji wanagombana hadharani lakini mbele ya ramani ya hifadhi wanasimama upande mmoja. Na kuna kichekesho chungu. Kanuni za hifadhi za taifa zinakataza kuingiza mnyama wa kufugwa, mbwa na paka wakiwamo. Mpaka ukisogea usiku, mbwa aliyelala uani anaamka mhalifu. Katazo lina sababu zake: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Lakini sababu hiyo sikumsikia mtu akiwa ameelezwa, wameelezwa katazo.

Huwezi kulipita Ihefu kwa gari ili kufika Msembe, makao makuu ya hifadhi. Unazunguka: Madibira, ambako mto Ndembera unalisha skimu ya wakulima wadogo ya hekta 3,000, kisha Mafinga, ambako wakulima wa vinyungu, bustani za mabondeni, hawana habari kwamba nao wanatajwa kwenye lawama hizi, kisha Iringa. Njiani nilipata muda wa kulitafakari jiwe la Ng'iriama, pale mto unapotoka kinamasini. Ihefu ni bakuli, na Ng'iriama ni mdomo wake wa mwamba. Maji ya kinamasi yakishuka chini ya mdomo huo, hakuna kinachotoka, hata kama mito mitatu bado inaingia. Jua na matete vinakunywa kwanza. Watafiti walikadiria kwamba zinahitajika takriban mita za ujazo 7 kwa sekunde ziingie kiangazi ili nusu mita ya ujazo tu itoke. Kwa hiyo ahadi ya Waziri Mkuu Frederick Sumaye, aliyotangaza London 2001, kwamba Ruaha itatiririka mwaka mzima ifikapo 2010, haikuwa suala la kufunga mageti mawili matatu.

Watafiti hao, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walikuja pia na mchezo wa gololi. Ubao ulioinamishwa una mto uliochongwa katikati, wachezaji wanaweka vijiti kama mabanio, gololi zinamwagwa kutoka juu. Raundi ya kwanza wa juu wanajaza vishimo vyao na kucheka. Kisha wanabadilishana viti. Na ni watafiti hao walioonyesha kwamba mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 ulisingiziwa Usangu kupita kiasi: bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80 na linaloilisha Kidatu ya 204, hujazwa na mafuriko ya masika, si na vijito vya Oktoba. Siku hizi wanasiasa wanataja Bwawa la Nyerere, megawati 2,115 huko Rufiji. Ruaha Mkuu unachangia kama asilimia 15 ya maji ya Rufiji. Mwenye mto hasa ni Kilombero. Anayeumizwa na kiangazi cha Usangu ni mnyama wa hifadhini, na aliye karibu naye.

Aliye karibu ni mtu wa Idodi na Tungamalenga. Maji yakikosekana hifadhini, tembo wanatoka usiku kufuata mashamba, na simba wanafuata mazizi. Huku mbwa ni kengele ya zizi. Mradi mmoja wa uhifadhi ulileta aina ya Anatolia, mbwa mkubwa anayekuzwa pamoja na mifugo tangu akiwa mtoto ili aihesabu kuwa familia yake. Anafaa, ila chakula chake kwa siku kingewatosha mbwa watatu wa kwetu, na hilo wafugaji walilitaja kabla ya sifa yoyote.

Getini askari alichungulia viti vya nyuma, akauliza kama tumebeba mnyama. Hatukuwa naye. Kilomita chache mbele, kwenye daraja la Ibuguziwa, dereva alizima injini. Chini yetu mto ulikuwa mchanga mweupe wenye nyayo. Tembo jike alikuwa ametoboa shimo kwa mguu na kusubiri lijae, nyani sita wakiwa kwenye foleni nyuma yake, na upande wa juu, kwenye dimbwi la kijani lililobaki, viboko walikuwa wamebanana mgongo kwa mgongo hata maji yenyewe hayaonekani.