Kurasa za Isaya

Mei Mosi ya 2013 Mto Nyamwamba ulishuka Kilembe, huku kwetu magharibi mwa Uganda, na mawe. Watu wa mbali wakisikia mafuriko hudhani ni maji tu. Yetu yalikuwa na mawe, mengine makubwa kama teksi, yakigongana humo ndani ya tope, na mngurumo wake niliusikia kwa nyayo kabla ya masikio. Madaraja yalikwenda. Nyumba yetu, moja ya zile za wafanyakazi wa mgodi karibu na mto, ilijaa tope hadi usawa wa dirisha.

Nyumbani kwetu tulipona sote. Nalitaja upesi kwa sababu wako walioondoka na mto.

Maji yalipopungua tulirudi na majembe. Dada yangu Biira alitafuta sufuria, mimi nikatafuta vyeti vyangu, Baba akatafuta Biblia. Aliikuta chini ya godoro, imevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Helmeti yake ya mgodini, ambayo siku zote ilining'inia msumarini, haikuwepo. Aliutazama ule msumari, akageuka, akatoka na kitabu chake.

Ilikuwa Biblia ya Kiswahili, tafsiri ya Muungano ya 1952, aliyoachiwa na Mkenya mmoja wa zamu yake siku mgodi ulipofungwa. Sisi ni Wakonzo, na kwetu Kiswahili hakikuwa lugha ya ibada. Lakini Baba aliingia mgodini kijana mbichi, na huko chini ya ardhi, kati ya Wakiga, Wanyarwanda, Wajaluo na watu wa Kongo, kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili: inama, vuta, ngoja, toka. Mtu anayeomba sana hushika lugha ya mahali alipoogopa sana. Lukonzo, lugha yetu, ndiyo aliyoongea na sisi. Mungu aliongea naye Kiswahili.

Tulihamia kwa shangazi, juu mlimani. Asubuhi ya kwanza nilimkuta Baba barazani amekaa juu ya gunia, Biblia mapajani, spoku ya baiskeli mkononi. Aliingiza ncha ya spoku kati ya karatasi mbili, akapuliza, akasogeza kidogo, akapuliza tena. Karatasi za Biblia mnazijua, nyepesi kama ganda la kitunguu. Ikiachana moja, aliweka kati yake kipande cha jani kavu la mgomba, kisha akaanza nyingine. Hadi wakati wa chakula alikuwa amefika kitabu cha Kutoka, sura ya kumi.

Mimi nilikuwa nimetoka kuzoa tope tangu alfajiri. Mgongo ulikuwa unawaka, na nina ulimi mbaya nikichoka. Nikamwambia, "Baba, huyo unayemkaushia kitabu si angeuzuia mto kwanza?"

Shangazi aliguna kule jikoni. Baba hakuinua kichwa.

"Warumi tano," alisema. "Unaikumbuka?"

Naikumbuka vipi nisiikumbuke, alitukaririsha kwa fimbo. "Na tumaini halitahayarishi," nikamjibu. Halafu, kwa kuwa shetani hamwachi mtu njiani, nikaongeza: "Na mgodi je? Umeutumaini miaka thelathini. Hukutahayari?"

Hapo niligusa kidonda. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kuzalisha mwaka 1956, reli ikaletwa mpaka Kasese kwa ajili yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ikasimama. Wenzake walirudi makwao. Yeye alibaki, akiifuta vumbi helmeti kila Jumamosi, kwa sababu kila serikali ilisema utafunguliwa. Vijana wa mtaani walimwita "Zamu ya Kesho". Nilikua nikilisikia jina hilo na kujifanya sisikii. (Mwaka huohuo wa mafuriko mgodi ulikodishwa kweli, kwa wageni, na baada ya miaka michache mkataba ukafutwa.)

Alikaa kimya muda mrefu, spoku ikiwa kati ya karatasi mbili.

"Mgodi niliungoja," alisema mwishowe. "Sikuutumaini. Mtu anaweza kungoja basi bila kumtumaini dereva."

Nilinyamaza, si kwa kukubali. Nilimwona mimi Jumamosi zile na kitambaa chake, na kama kule hakukuwa kutumaini, basi sijui kutumaini kunafananaje. Lakini mzee amekwisha jibu, utasema nini tena? Nilichukua kibuyu cha maji nikaenda kuoga.

Siku ya nne alifika kwa nabii Isaya, na hapo kazi ikagoma. Kuanzia sura ya thelathini na nane hadi arobaini na mbili karatasi zilikuwa zimegandana kama ubao. Alijaribu spoku. Alijaribu mvuke wa birika. Moja ikachanika katikati, akasonya, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya Maandiko. Basi akaweka kitabu chini, akafumba macho, akaanza kuisoma sura ya arobaini kutoka kichwani, taratibu, kwa ile sauti yake ya kuita watu kutoka shimoni:

"Bali wao wamngojeao Bwana watapata nguvu mpya; watapanda juu kwa mbawa kama tai; watapiga mbio, wala hawatachoka..."

"Baba," nikamkatiza, "hapo ni kungoja au kutumaini?"

Alifumbua jicho moja. Biira aliweka mkono mdomoni. Kisha Baba akacheka, kicheko cha kifua chenye kikohozi cha vumbi la zamani, mpaka Biblia ikamteleza pajani na majani ya mgomba yakamwagika barazani.

"Kunywa chai yako, inapoa," akasema, akiinama kuyaokota. "Halafu uniletee majani mengine. Yeremia bado mbichi."